Basini yangu chini ya altari

Katekista wetu ya Nyabiondo alikuwa na sauti mbili. Ya kanisani ilikuwa inatokea mu pua, na Kiswahili yake ilikuwa ya kitabu, imevaa soksi na kravati: "Ndugu wa-pe-ndwa, tu-si-ma-me." Ya pili ilikuwa ya ku shamba, inatokea chini mu tumbo: "Weye mama! Toa mbuzi yako mu maharagi yangu, mbele nimukule na manyoya!" Muntu moja, kinywa moja. Kama umesikia ya kwanza tu, utasema huyu ni mutakatifu. Kama umesikia ya pili tu, utakimbia. Miye nilisikia zote mbili, na mpaka leo sijaelewa ile gani ilikuwa yake na ile gani aliazima.

Alikuwa murefu, mukondefu, shingo kama ya jogoo inaangalia kama mvua inakuja. Miwani yake ilikuwa na kioo moja. Ingine ilianguka mu mutoni, na hakutaka kununua mupya. Wakati anasoma, anafunga lile jicho halina kioo, na kama hauyuko muntu wa pale unaweza kufikiri anakukonyezea. Miye siku ya kwanza nilifikiri vile. Nikasema mu roho: uzee huu wangu, na bado ninapendeza?

Mabote yake ya mupira alikuwa anavaa siku yote, mvua ao jua, shambani, ku soko, ku matanga. Lakini akifika ku mulango ya kanisa, anavua. Anaingia miguu tupu, na miguu yake ilikuwa mibaya, niwaambie kweli, makucha kama mawe. Mama Furaha, ile mama alinipokea kwake, siku moja akamuambia, "Katekista, si uvae hata sapato? Padri anaona haya." Yeye akamujibia, "Mabote inajua fasi yote nilipita. Sitaki iseme kwa altari." Hata Mama Furaha hakuelewa, lakini alikubali na kichwa kama muntu ameelewa.

Kengele yake ilikuwa janti ya kamio, ile chuma ya gurudumu ya lori, ametundika ku muti na waya. Alikuwa anaipiga na chuma: kwe, kwe, kwe. Mara ya kwanza unaamka, mara ya pili unakuwa njiani, mara ya tatu umechelewa, na mwenye kuchelewa alikuwa anamutangaza mbele ya bantu bote: "Tu-na-mu-sa-li-mia dada yetu aliyelala vizuri." Lakini Mama Furaha alinionyesha jambo. Kulikuwa muzee moja mwenye ugonjwa ya muguu, alikuwa anapanda kilima polepole, anapumuzika, anapanda tena. Katekista anasimama nyuma ya muti na chuma mu mukono, anamuangalia. Mpaka yule muzee amefika ku mulango, njo anapiga ya tatu. Halafu anatoka pale nyuma na hasira, "Mumechelewa bote!"

Na huyo huyo hakuwa anazungumuza na ndugu yake.

Ndugu yake mukubwa, mama moja baba moja, shamba kando ya shamba. Balikosana juu ya mupaka, mustari ya mihogo moja tu, ile ungeweza kuiruka na muguu moja. Kila misa, wakati ya kupeana amani, Katekista anatangaza na ile sauti ya pua: "Tupeane amani, kila mtu na jirani yake!" Anashuka, anashika mukono ya kila muntu, batoto, bamama, hata ya muntu wa pombe amelala ku mulango. Akikaribia benki ya ndugu yake, kumbe mushumaa imekosa kitu. Anarudi haraka kutengeneza mushumaa. Kila siku ya Mungu, mushumaa moja, ugonjwa moja. Halafu ndugu akagonjwa kweli. Nani alimubeba mu kipoyi, ile machela ya miti, mpaka ku hopitali? Katekista, ku muti ya mbele. Na njiani yote, miye nilikuwa pale, alikuwa anasema na siye benye kubakia: "Muambie huyu mugonjwa asitikisike." Na mugonjwa naye, macho imefungwa, sauti ya kufa: "Muambie huyu mwenye kubeba asikimbie kama mbuzi." Siye tulikuwa tunapeleka maneno, hatua mbili, kutoka ku muti ya mbele mpaka ku mugonjwa. Nilisema kwa Mama Furaha, hawa bakristu banapendana namna gani? Akasema, njo hivyo.

Sasa niwaambie vile nilifika mbele yake.

Miye ni muntu wa pori, ya Walikale. Nilikuwa nauzisha ndizi Mubi, kando ya barabara, fasi makamio inasimama. Baba yangu hakuenda kanisa yoyote, alikuwa muwindaji, alikuwa anaongea na babu yake mbele ya kuingia mu pori, inatosha. Kanisa miye nilikuwa naisikia mu ukuta tu, juu nyumba ya pasta ilikuwa kando ya yetu. "Shetani ya mababu, tokaaa! Tokaaa!" Saa zote. Watu balikuwa banalia, banaanguka, miye natengeneza sombe, majani ya mihogo. Sikuenda hata siku moja. Nilikuwa na Sifa, mutoto yangu wa musichana, na Sifa alikuwa na basini.

Basini ya plastiki, ya kijani, kubwa. Sifa alikuwa anabebea ndizi. Siku moja aliweka sufuria ya moto ndani, chini ikayeyuka, ikabakia alama kama sikio ya muntu. Nilimupigia kelele siku tatu. Ukingo ilipasuka, akaishona na waya. Vile vita ilifika tukakimbia, kila muntu alishika kile alishika, Sifa alishika ile basini. Njiani homa ikamukamata. Siku mbili tu. Bantu tusiojua balitukopesha jembe. Nilimuosha Sifa mu basini yake, maji ya mutoni, na tukamuzika kando ya njia, hakuna aliyesema neno, juu hatukujua neno gani inasemwa. Halafu nikaweka basini ku kichwa, nikaendelea na bantu.

Katikati ya njia bale ba misaada balituandika. Bakanipa jeton, kakaratasi kadogo na namba. Bakasema, "Mama, ngojea, tutaita." Nikafunga jeton mu pembe ya kikwembe, kitenge yangu. Nikangojea mpaka Nyabiondo. Mama Furaha akanipa fasi mu jikoni yake, akanipa mihogo, na hakuniuliza sana. Na miye nikangojea.

Basi siku ya Mungu ya kwanza, asubuhi, naona nini? Bamama bote ba kilima banashuka na basini ku kichwa. Bote! Zimefunikwa na vitambaa vizuri. Namuuliza Mama Furaha, yeye pia iko anafunga ya kwake, "Munaenda wapi?" Akasema, "Ku kanisa. Twende, Padri amefika." Miye nikaelewa. Kule kwetu, kugawa chakula kunafanyika fasi gani? Ku masomo ao ku kanisa. Na nikasema: bamama ba huku bana haya sana, hata hawapendi kuonyesha kama basini iko tupu. Nikafunika yangu na kitambaa. Nikakamata jeton mu mukono. Nikaenda na furaha.

Ku mulango niliona muzee murefu miguu tupu. Nikasema, huyu njo chef, mukubwa wa mustari. Na kweli, alikuwa anaambia bantu fasi ya kukaa: wanaume huku, bamama kule. Alinikonyezea na lile jicho halina kioo. Nikaona basini zote zinawekwa ku ukuta, nikaweka yangu mbele kabisa, juu ninajua mambo ya mustari.

Halafu mambo ikaanza, na miye nikapotea.

Bantu banasimama, miye nimekaa. Nasimama, bamekaa. Batoto bakanicheka. Yule muzee akawaangalia kutoka mbele, na sauti ya kitabu: "Mwacheni. Ni mara yake ya kwanza." Nikasema, vizuri, sasa amenijua, atakumbuka namba yangu. Kisha Padri akaanza kuita majina. Petro, Paulo, Ana. Na bantu bote banajibu kwa pamoja. Nikashangaa: huyu Petro iko na jamaa kubwa namna gani, kanisa muzima inamujibia! Nikatega sikio kwa jina yangu. Akafika kwa mababu. Aliita mababu wetu, bale baliishi vizuri mbele yetu, bakuje bakae na siye. Miye nikageuka kuangalia ku mulango. Kule Mubi mababu banafukuzwa, "Tokaaa!", hapa banaitwa na majina yao iko ku liste! Nikasema, kama babu yangu muwindaji iko ku liste, na miye sitakosa.

Katekista akapanda kusoma, jicho moja imefungwa. Alisoma murefu. Padri akaongea murefu zaidi. Sikukasirika. Hata bale ba misaada, mbele ya kugawa, banaanza na mafundisho: muoshe mikono, muchimbe vyoo. Kisha Padri akachukua majani, akachovya mu maji, akaturushia ku uso. Nikasema, ndiyo, kipindupindu. Kisha bote bakaanza kupeana mikono na kucheka, nikampa mikono kila muntu na nikasema, "Bahati njema, na weye pia upate mingi."

Na njo korali ikapiga ngoma, na bamama bakafuata basini zao.

Weee! Nilikuwa wa kwanza. Niliingiza kiwiko. Mama moja munene nyuma yangu, "Ee mama, polepole, hapa hatunyang'anyani!" Nikamuambia, "Kwenu hamunyang'anyani, kwetu anayelala anakosa." Banacheza huku na kule, hatua mbili mbele, hatua moja nyuma, nikasema huu mustari ya hapa unachokesha, lakini nilicheza. Nikafika mbele ya Padri. Nikafungua kitambaa, nikamuonyesha basini tupu, safi. Nikanyoosha jeton.

Padri aliangalia basini. Aliangalia jeton. Aliniangalia miye. Nyuma yangu yule mama munene alifungua ya kwake: maharagi, imejaa mpaka juu! Na ingine nyuma yake, mihogo. Na ingine, kuku, inaniangalia. Bantu bote balikuwa bameleta! Hakuna aliyekuja kuchukua. Damu ilipanda mpaka ku masikio. Ngoma ikapungua. Nikasikia muntu nyuma anaanza kucheka, ile kicheko inatoka mu pua mbele ifike mu kinywa.

Katekista alishuka kutoka fasi yake. Alifunga vidole vyangu juu ya jeton, moja, moja, mpaka haikuonekana. Alikamata basini na mikono mbili, akaiinua juu ya kichwa yake, na akasema na ile sauti ya pua: "Ndugu wapendwa! Mama huyu ametoka mbali. Sisi tumeleta maharage tuliyovuna. Yeye hana shamba. Ameleta chombo chake, na hana kingine."

Halafu yule mama munene, yeye mwenyewe, akapiga vigelegele: "Li-li-li-li!" Na kanisa muzima. Na Padri alipokea basini yangu. Na miye nikarudi ku benki, nimekuwa mama mukubwa wa kutoa, na sina basini.

Nikafikiri bado. Nikasema labda inajazwa nyuma, italetwa. Kidogo, mustari ingine ikapangwa! Nikarukia. Lakini naona kila muntu anapewa kadogo hivi, kama kucha. Namuuliza Mama Furaha mu sikio, "Hii ni ya jamaa nzima?" Akajikwaa na kicheko na machozi. Nilipofika, Katekista alikuwa kando ya Padri. Alitingisha kichwa kidogo, akanichora alama ku uso na kidole, akanigeuza mabega kama batoto banageuza kuku. Nilirudi mikono tupu mara ya pili. Sijawahi kwenda fasi wanagawa mara mbili na muntu anarudi na kidogo kuliko vile alikuja.

Kesho yake nilienda ku shamba yake kudai basini. Njiani nilikuwa napanga maneno: "Katekista, ile ilikuwa makosa. Ile basini ni ya Sifa." Nilikuta anapalilia, mabote mu matope. "Weye mama! Usikanyage maharagi!" Ile sauti ya tumbo. Halafu akaniona ni miye. Akasimama. Kule ku kilima bantu balikuwa bamenisalimia njia yote, "Mama wa basini, mubarikiwe!" Mama munene alinipa ndizi. Ningesema nini? Kama nilikuja kukula, na si kutoa? Nilisema, "Nilikuja kukuambia asante."

Akasema, "Asante ya nini?"

Nikasema, "Ya… fasi ya kukaa."

Alikuna shingo. Alitaka kusema kitu, lakini akapangusa matope ku jembe na kidole. Akasema, "Basini iko fasi nzuri, mama." Na akarudilia jembe yake.

Basi nikaanza kwenda kanisa kuangalia basini yangu. Musicheke. Wengine banafuata korali, wengine banafuata bwana. Iliwekwa chini ya altari, na ile waya ya Sifa ku ukingo. Siku yote nilikuwa nakaa benki ya mbele, fasi macho inaiona. Bantu balisema, "Huyu mama ana imani!" Nilijua sasa wakati ya kusimama na ya kukaa. Nilijua nyimbo. Nilikuwa naweza kuiga Padri vile anakohoa mbele ya kusema mambo ya ndoa. Na Katekista, kila mara akipita kando ya ile basini, alikuwa ananichungulia na lile jicho. Haraka, halafu anaangalia fasi ingine.

Mwaka moja ikapita, na njo nikaona banatia batoto maji na basini yangu.

Walikosa chombo kizuri ya ubatizo, basi Katekista akachukua ile. Mutoto wa kwanza akaletwa, muekundu, analia. Miye nikasimama mu benki. Kwetu, kile kilioshea maiti hakigusi mutoto muchanga, kabisa. Wanatupa, ao wanazika. Miye sikuweza kuitupa, ilikuwa ya Sifa. Na sasa batoto bote ba Nyabiondo… Sikulala ile juma. Kama nasema, bamama bataniua. Kama nanyamaza, mutoto moja akigonjwa, nitajiua miye mwenyewe.

Nilijiandikisha mu mafundisho ya ubatizo, juu nilitaka kukaribia ile basini mbele ya mutoto mwingine. Ukweli njo huo. Katekista alitufundisha chini ya ile janti, bamama bane na muzee moja kiziwi. "Mungu ni nani?" anauliza na sauti ya pua. Miye nasema, "Unamujua zaidi kuliko miye, na unaniuliza?" Anaweka kitabu chini. "Mama. Jibu." "Ni ule anaona yote." "Vizuri." "Basi ameona mbuzi yangu mu maharagi yako, na alinyamaza." Alitaka kukasirika. Mabega yake njo ilimusaliti, ilitingisika.

Siku ya ubatizo, mbele Padri afike, nilimukuta anajaza maji. Nilimuambia yote, mu sikio, haraka. Sifa. Homa. Mutoni. Basini. Nikasema, "Mwaga. Tafuta ingine. Utuhurumie na batoto."

Aliweka ile ndoo chini. Alipiga magoti, akaangalia chini ya maji, kule ku ile alama kama sikio. Nilingojea anipigie kelele na sauti ya tumbo. Nilingojea sauti ya pua. Ilikuja ingine, sijawahi kuisikia, ndogo, kama ya muntu anazungumuza na mugonjwa.

"Basi iko inajua kazi," akasema.

Na akaendelea kujaza.

Hiyo neno sijaielewa vizuri mpaka leo. Ninaigeuza kama muhogo mu moto. Lakini vile kichwa yangu iliinamishwa na maji ikashuka, niliona ile sikio ya Sifa pale chini, na nikalia kwa nguvu, na bantu bakasema, "Roho Mutakatifu!" Nikabaacha baseme. Na wakati bakasoma majina ya bafu, bale balikufa, ile siku, Katekista alisoma Sifa. Sikumuomba. Alilisoma polepole, jicho moja imefungwa, kama ilikuwa imeandikwa pale tangu zamani.

Miaka sita hivyo, tangu ile siku ya kwanza. Basini ikabatiza kilima muzima.

Halafu masasi ya bunduki ikafika, katikati ya juma, kutoka upande ya kanisa. Hakuna kupiga janti. Nilikimbia na Mama Furaha, na njiani yote nilikuwa nageuka nyuma. Yeye, "Mama, unaacha nini?" Miye, "Hakuna." Siku tatu ya miguu. Tukafika kando ya barabara ya Sake, mbele ya Mubambiro, bantu kama siafu, mahema ya plastiki, matope. Na bale ba misaada bakakuja, bakapanga mustari, bakatoa majeton.

Miye nilikuwa tayari mu mustari vile nilisikia bantu banacheka. Kulikuwa mwanaume muzee anakuja mu barabara na basini ku kichwa. Mwanaume! Na kitenge chini yake kama mama wa soko. Miye pia nilicheka, nilicheka wa kwanza, nikaiga vile anatembea, shingo mbele kama jogoo, na Mama Furaha alikuwa anashika tumbo.

Halafu nikaona ni ya kijani.

Alikuwa miguu tupu. Mabote imefungwa na kamba, inaning'inia ku shingo. Nyuma yake, hatua mbili, ndugu yake na fimbo. Na ndugu anaambia barabara yote, "Muambie huyu avae mabote, miguu yake inatoka damu!" Na Katekista, bila kugeuka, "Muambie mimi nimebeba vitu vya altari."

Alinifikia. Alishusha basini. Ndani kulikuwa kile kitabu mu plastiki, mushumaa, nguo nyeupe ya altari. Alitoa kimoja kimoja, akafunga mu kitenge. Ikabakia tupu, na ile sikio chini, na waya ya Sifa ku ukingo. Alinipa na mikono mbili.

"Chukua, mama," akasema. "Leo njo banagawa."

Miye kinywa ilifunguka. "Weye! Ulijua?"

"Niliona jeton kabla ya kuona weye."

"Miaka sita ulikaa na basini yangu! Mwizi!"

"Ulifika shambani ukasema asante. Nilitaka kukurudishia. Nikaona haya yako, nikaona haya yangu." Alipangusa uso. "Siku ya Mungu ukarudi. Ingine ukarudi. Nikasema mu roho, nikimupa, hatarudi tena. Nisamehe."

Nilitaka kumuiga. Miye ninaiga kila muntu, nilishaiga Padri na kuku na marehemu bwana yangu. Nilitafuta ile sauti yake ya siku ile, ndogo, na haikunitoka.

Nilimuingiza mu mustari mbele yangu. Bantu bakanung'unika, niliingiza kiwiko. Na njo niliona ile kitu: Katekista alikuwa amepotea. Mustari ukisogea, anasimama. Ukisimama, anasogea. Banaita "Ingine!", yeye anajibu na sauti ya pua. Anataka kuacha bamama bote bapite. Nikamufundisha. "Sogea. Sasa simama. Usiangalie chini, batakuruka. Bado. Bado. Sasa, nenda."

Akafika ku meza. Kijana wa meza, amechoka, jasho, akanyoosha jeton bila kumuangalia. Katekista akaweka mukono wa kushoto juu ya ule wa kuume, kama mbele ya Padri, akafungua viganja, akainamisha kichwa, na akangojea aweke. Kijana akainua macho. Nyuma bakaanza kucheka, ile kicheko ya pua.

Niligeuka.

"Mumuache," nikasema. "Njo mara yake ya kwanza."